Ugonjwa ni Mmoja: Kwa Nini Wengine Hupona na Wengine Hufa?



Bila shaka umewahi kusikia habari kama hii. Mtu mzima, mwenye nguvu zake, anarudi shambani jioni. Analalamika kwamba kifua kinambana. Anapewa maji ya moto na tangawizi. Anajinyoosha kitandani. Asubuhi watu wanakuta ameshafariki.

Msibani watu wanaulizana, "Kwani alikuwa anaumwa nini?" Mmoja anasema ni presha. Mwingine anasema ni gesi tumboni. Wa tatu ananong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Baada ya mazishi kila mtu anarudi kwake, na jambo linaishia hapo.

Baadhi ya vifo vya namna hii husababishwa na ugonjwa unaoitwa mshtuko wa moyo. Huenda umewahi kuambiwa kwamba huo ni ugonjwa wa Wazungu, au wa matajiri wa mjini. Sivyo. Ugonjwa huu uko hapa kwetu, mijini na vijijini.

Lakini liko jambo jingine ambalo kila mwananchi yafaa alijue. Mshtuko wa moyo ni ugonjwa mmoja duniani kote. Hata hivyo, katika nchi nyingine wagonjwa wengi wanaofika hospitali hurudi nyumbani wakiwa hai. Mahali pengine wengi hufa. Kwa nini? Soma makala hii mpaka mwisho. Kisha msomee na jirani yako ambaye hajajua kusoma.

MSHTUKO WA MOYO NI NINI?

Kunja ngumi yako uitazame. Moyo wako una ukubwa kama huo. Kazi yake ni kusukuma damu iende mwili mzima, usiku na mchana, bila kupumzika.

Moyo wenyewe ni msuli. Kama misuli mingine, nao unahitaji damu ili uishi. Damu hiyo huletwa na mishipa midogo inayouzunguka moyo.

Fikiria shamba linalomwagiliwa kwa mifereji. Kila mfereji unapeleka maji katika sehemu yake. Mwaka hadi mwaka, tope na takataka hujikusanya ndani ya mfereji. Maji yanaendelea kupita, lakini kwa shida. Siku moja gogo linakwama palipokuwa pembamba. Maji yanasimama. Sehemu ile ya shamba inaanza kukauka.

Ndivyo inavyotokea moyoni. Kwa miaka mingi mafuta hujijenga kidogo kidogo ndani ya mshipa. Mtu hasikii lolote. Kisha siku moja utando wa mafuta hayo hupasuka. Damu huganda hapo na kuziba njia. Sehemu ya moyo iliyokuwa ikitegemea mshipa ule hukosa damu. Kama baada ya nusu saa msuli huanza kufa. Unaendelea kufa saa baada ya saa, mpaka njia ifunguliwe au sehemu ile yote iishe.

Mkulima anajua jambo hili. Mahindi yaliyonyauka asubuhi yanaweza kuinuka ukiyafungulia maji mchana. Lakini mahindi yaliyokauka kabisa hayainuki, hata ukiyaletea mto mzima. Moyo nao ni hivyo hivyo. Dawa inayotolewa mapema huokoa sehemu kubwa ya moyo. Dawa ile ile ikichelewa huokoa kidogo, au haiokoi kitu.

Hospitali zina njia mbili za kuufungua mshipa ulioziba. Njia ya kwanza ni kumpa mgonjwa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda. Dawa hii hupitishwa katika mshipa wa mkono. Njia ya pili ni kupitisha mpira mwembamba sana katika mshipa wa mkononi au pajani mpaka ufike moyoni. Daktari huangalia njia yake kwa mtambo wa eksirei. Mpira ukifika palipoziba, puto dogo hujazwa ili kupanua njia. Kisha huwekwa kijibomba cha waya ili njia isizibe tena. Njia hii ya pili ndiyo bora zaidi ikifanyika mapema. Lakini inataka mtambo wa gharama kubwa na wataalamu waliosomea kazi hiyo.

SWEDEN NA UINGEREZA

Sasa tuangalie nchi mbili za Ulaya. Moja ni Sweden. Nchi hii ilitusaidia katika miaka ya 1970 kuanzisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Nyingine ni Uingereza.

Nchi zote mbili ni tajiri. Katika nchi zote mbili matibabu hulipiwa kwa sehemu kubwa kwa kodi ya wananchi. Madaktari wao husoma vitabu vile vile. Tungetegemea wagonjwa wa nchi hizi wapone sawasawa.

Wataalamu walikusanya habari za wagonjwa wa mshtuko wa moyo waliolazwa katika nchi hizo kuanzia mwaka 2004 hadi mwaka 2010. Jumla yao ilikuwa zaidi ya 500,000. Walihesabu ni wangapi walifariki ndani ya siku 30 tangu walipolazwa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2014.

Nchini Sweden, kati ya kila wagonjwa 1,000 walifariki 76. Nchini Uingereza, kati ya kila wagonjwa 1,000 walifariki 105.

Huenda utasema, "Labda wagonjwa wa Uingereza walikuwa wazee zaidi, au walikuwa na magonjwa mengine." Wataalamu nao walijiuliza hivyo. Walipiga hesabu upya kwa kuwalinganisha wagonjwa waliofanana. Tofauti haikuondoka. Walikadiria kwamba kama wagonjwa wa Uingereza wangetibiwa kama wale wa Sweden, vifo zaidi ya 11,000 vingezuiwa au kucheleweshwa katika miaka hiyo.

Tofauti ilitoka wapi? Sweden iliwahi kuipokea njia ya kufungua mshipa kwa mpira na puto, na kuisambaza nchi nzima. Katika miaka hiyo, wagonjwa 59 katika kila 100 waliostahili njia hiyo waliipata. Uingereza walikuwa 22 tu katika kila 100. Pia wagonjwa wengi zaidi wa Sweden waliruhusiwa kutoka hospitali wakiwa na dawa za kuulinda moyo.

Uingereza haikukaa ikilalamika. Ilieneza njia hiyo mpya mwaka hadi mwaka. Ilipofika mwaka 2010, pengo kati ya nchi hizo mbili lilikuwa limepungua sana. Hilo ndilo somo la kwanza. Tofauti ya vifo si amri ya Mungu, wala si hali ya hewa. Inatokana na kazi inayofanywa na watu. Kwa hiyo watu wanaweza kuiondoa.

HABARI KUTOKA MOSHI

Tuje nyumbani. Katika hospitali moja kubwa ya rufaa mjini Moshi, wataalamu walifanya uchunguzi ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2020. Walichukua watu wazima 681 waliofika kitengo cha dharura. Wote walikuwa na maumivu ya kifua au walikuwa wakipumua kwa shida. Kila mmoja alipimwa moyo kwa mashine ya kupima umeme wa moyo. Pia alipimwa damu. Msuli wa moyo ukiumia, kuna kitu hutoka ndani yake na kuingia katika damu, na kipimo hicho hukionyesha.

Walikuta kwamba zaidi ya mtu mmoja katika kila watu watano alikuwa na mshtuko wa moyo. Hili liliwashangaza wengi waliodhani ugonjwa huu ni adimu Tanzania.

Jambo la pili ni zito zaidi. Katika huduma ya kawaida, wengi wa wagonjwa hao hawakuwa wametambuliwa. Waliandikiwa magonjwa mengine. Chini ya nusu yao ndio waliopewa aspirini, kidonge ambacho kinajulikana na kila mtu na bei yake ni ndogo.

Jambo la tatu ni vifo. Baada ya siku 30, zaidi ya wagonjwa 40 katika kila 100 wenye mshtuko wa moyo walikuwa wamefariki.

Msomaji, rudi juu uangalie tena hesabu ya Sweden. Kule walifariki chini ya 8 katika kila 100. Kweli, hesabu hizi mbili hazikufanywa kwa njia moja, kwa hiyo si mizigo ya mizani moja. Lakini pengo ni kubwa mno. Hatuwezi kulipita tukafumba macho.

WAZEE WAWILI

Ili tuelewe pengo hili linatoka wapi, tuchukue mfano wa kufikirika. Kuna wazee wawili, kila mmoja ana umri wa miaka 60. Wote wanashikwa na mshtuko wa moyo siku moja, saa 2 usiku.

Mzee wa kwanza anaishi Ilala, Dar es Salaam. Kijana wake anaijua dalili. Anakodi gari mara moja. Hospitali inampima umeme wa moyo, inampa aspirini, kisha inampeleka Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, pale Muhimbili. Taasisi hiyo ilianza kazi mwaka 2015 na ina mtambo wa kufungua mishipa ya moyo. Kabla ya usiku wa manane mshipa umefunguliwa.

Mzee wa pili anaishi kijijini mkoani Rukwa. Anahisi kifua kimebanwa. Mkewe anadhani ni chakula alichokula. Wanangoja kukuche. Asubuhi wanakwenda zahanati. Zahanati haina mashine ya kupima umeme wa moyo. Anapewa dawa ya kutuliza tumbo, anarudi nyumbani. Siku ya pili anazidiwa. Wanachanga nauli. Siku ya tatu anafika hospitali ya wilaya. Kutoka Sumbawanga hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000.

Moyo wa mzee wa pili haukuwa dhaifu kuliko wa mwenzake, wala hakumkosea mtu. Ila mmoja alitibiwa ndani ya saa 4, na mwingine aliingia hospitali siku ya tatu.

Ukiuangalia mfano huu vizuri, utaona mzee wa pili alipoteza muda mahali patatu. Kwanza, nyumbani, kwa sababu familia haikuijua dalili. Pili, zahanati, kwa sababu ugonjwa haukutambuliwa. Tatu, njiani, kwa sababu ya umbali na kukosa usafiri.

Tusidanganyane. Hata mjini wapo wanaochelewa. Mtu anaweza kukaa mtaa wa pili kutoka hospitali, lakini akangoja siku mbili akidhani ni gesi. Huyo yuko mbali na hospitali kama mtu wa kijijini.

KIDONGE KIDOGO, KAZI KUBWA

Huenda sasa unasema, "Basi sisi wa kijijini tumekwisha. Mtambo ule hatutauona." Usikate tamaa. Sikiliza habari ya aspirini.

Mwaka 1988 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi mkubwa uliofanywa katika nchi 16. Wagonjwa 17,187 waliodhaniwa kuwa na mshtuko wa moyo waligawanywa kwa bahati nasibu. Wengine walipewa aspirini kila siku kwa mwezi mmoja. Wengine walipewa kidonge kinachofanana nayo lakini hakina dawa. Wengine waliwekewa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, na wengine hawakuwekewa.

Baada ya wiki tano walihesabu waliokufa kwa ugonjwa wa moyo na mishipa. Kati ya kila watu 1,000 ambao hawakupewa aspirini, walikufa 118. Kati ya kila 1,000 waliopewa aspirini, walikufa 94. Maana yake ni kwamba kidonge hicho kiliokoa watu 24 katika kila 1,000.

Waliopata aspirini pamoja na dawa ya kuyeyusha damu walifaidika zaidi. Kati ya kila 1,000 walikufa 80. Wale ambao hawakupata hata moja walikufa 132.

Aspirini haiufungui mshipa kama mtambo unavyofanya. Kazi yake ni kuizuia damu isizidi kuganda. Ni kama mtu anayelizuia tope lisizidi kujaa mferejini wakati wenzake wanakwenda kuleta majembe.

Kwa hiyo pengo halitokani na mtambo mkubwa peke yake. Sehemu yake inatokana na vitu vidogo: kuijua dalili, kupima kwa mashine ndogo, na kutoa kidonge mapema.

WENZETU WA TAMIL NADU

Tamil Nadu ni jimbo la kusini mwa India. Lina wakazi zaidi ya milioni 70. Karibu nusu yao wanaishi vijijini. Hospitali zenye mtambo wa moyo ziko mijini. Shida yao ilifanana na yetu.

Kuanzia mwaka 2012 hadi mwaka 2014 walijaribu mpango mpya. Walichagua hospitali kubwa 4 zenye mtambo. Kila hospitali kubwa iliunganishwa na hospitali ndogo zilizo jirani, kama mama kuku na vifaranga wake. Mgonjwa alipimwa umeme wa moyo mapema, na picha ya kipimo ikatumwa kwa daktari wa mbali ili aisome. Hospitali ndogo haikukaa ikimngoja daktari bingwa. Ilimpa mgonjwa dawa ya kuyeyusha damu pale pale. Baada ya hapo gari lilimpeleka hospitali kubwa kumalizia matibabu.

Kabla ya mpango, kati ya kila wagonjwa 1,000 walikuwa wakifa 176 katika mwaka mmoja. Baada ya mpango walikufa 142. Hawakujenga hospitali kubwa kila wilaya. Walizifunga pamoja zile walizokuwa nazo, na kila moja ikajua kazi yake.

ZIJUE DALILI

Muda wa kwanza hupotea nyumbani, na hapo ndipo wewe msomaji una uwezo. Zishike dalili hizi:

1. Kifua kinabana au kinalemewa, kama mtu aliyewekewa gunia juu yake. Maumivu yanadumu zaidi ya dakika chache, au yanakwenda na kurudi.

2. Maumivu yanasambaa mkononi, hasa mkono wa kushoto. Yanaweza pia kwenda mabegani, shingoni, tayani au mgongoni.

3. Jasho la baridi linatoka bila kazi.

4. Pumzi inakuwa fupi.

5. Kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu au uchovu wa ghafla.

Si kila mgonjwa hupata dalili zote. Wanawake, wazee na wenye ugonjwa wa kisukari wakati mwingine hawasikii maumivu makali ya kifua. Wanaweza kuishiwa pumzi na nguvu tu. Usimwambie mama, "Umechoka na kazi, kalale." Mpeleke.

Maumivu ya kifua yana sababu nyingine pia, kama kichomi au vidonda vya tumbo. Si kazi yako kuamua ni ugonjwa gani. Kazi yako ni kumfikisha mgonjwa mahali anapoweza kupimwa.

UFANYE NINI?

Ukiona dalili hizo, fanya hivi.

Kwanza, usingoje kukuche. Angalia saa, ukumbuke maumivu yalianza saa ngapi. Mganga atakuuliza.

Pili, mkalishe mgonjwa apumzike. Asitembee, asibebe kitu. Akiwa amekaa na kuegemea, atapumua vizuri zaidi.

Tatu, mpigie simu mganga wa zahanati au mhudumu wa afya wa kijiji chako. Mwambie dalili. Muulize kama mgonjwa apewe aspirini. Mtu mzima mwenye dalili za mshtuko wa moyo hupewa miligramu 300, naye huitafuna badala ya kuimeza nzima, ili ifanye kazi haraka. Lakini usimpe mtu ambaye aspirini humdhuru, anayetapika damu au anayetokwa damu. Usimpe aliyepinda mdomo au kulegea upande mmoja wa mwili. Huyo huenda ana kiharusi, na aspirini inaweza kumwongezea hatari. Naye apelekwe hospitali haraka.

Nne, tafuta gari. Gari ni bora kuliko bodaboda, maana mgonjwa anaweza kuzimia njiani. Kama zahanati yenu haina kipimo cha umeme wa moyo, muulize mganga ni hospitali gani ya karibu iliyo nacho, mwende huko moja kwa moja.

Tano, ukifika hospitali, usikae kwenye foleni kimya. Sema kwa adabu lakini kwa sauti ya kusikika: "Mgonjwa wangu ana maumivu ya kifua, yalianza saa fulani. Tunaomba apimwe umeme wa moyo." Mgonjwa wa namna hii hutakiwa kupimwa ndani ya dakika 10 tangu afike. Kuuliza si utovu wa heshima. Ni haki ya mgonjwa, na humsaidia hata mganga.

KAZI YA KIJIJI

Mtu mmoja hawezi kuufupisha mwendo wa kilomita 80 usiku. Kijiji kinaweza.

Mwaka 2022 serikali ilizindua nchi nzima mpango wa usafiri wa dharura unaoitwa m-mama. Mama mjamzito mwenye shida, mzazi au mtoto mchanga, hupigiwa simu namba 115 bila malipo. Kama gari la wagonjwa haliko karibu, huitwa dereva wa eneo hilo aliyeandikishwa kwa kazi hiyo. Mpango huo ni wa akina mama na watoto wachanga. Lakini mnaweza kuiga fikra yake kwa wagonjwa wengine.

Katika mkutano wa kijiji, ulizaneni. Ni nani hapa ana gari au bajaji? Namba yake ya simu ni ipi? Je, yuko tayari kuamshwa usiku? Mafuta yatalipwa na nani? Andikeni namba hizo ukutani kwenye zahanati na ofisi ya kijiji. Anzeni mfuko mdogo wa dharura. Nauli inayochangwa wakati mgonjwa anakata roho huwa imechelewa.

Tena, waulizeni viongozi wa wilaya: hospitali yetu ina mashine ya kupima umeme wa moyo? Inafanya kazi? Kuna mtu anayejua kuisoma? Aspirini ipo? Maswali hayo yawekwe katika kumbukumbu za mkutano.

Na kabla ya yote, tuzuie ugonjwa wenyewe. Pima presha na sukari, hata kama husikii kitu. Ukipewa dawa za presha, usiziache kwa sababu umepata nafuu. Acha sigara na ugoro. Punguza chumvi na mafuta. Endelea na kazi za mikono, maana mwili usiofanya kazi huzeesha moyo.

TULIWAHI, TUNAWEZA TENA

Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi nchi nzima. Walisikiliza redio, walisoma vitabu, walijadiliana. Kisha walichukua majembe. Walichimba vyoo, walifyeka nyasi, walisafisha visima. Hawakungoja kila kijiji kipate daktari.

Adui wa siku zile alionekana kwa macho: mbu, maji machafu, kinyesi. Adui wa leo amejificha ndani ya mshipa. Lakini silaha ya kwanza ni ile ile, nayo ni kujua.

Serikali ina deni la kuzipatia hospitali za wilaya vipimo, dawa na wataalamu. Hilo tuendelee kulidai. Lakini zile saa za kwanza, kabla mgonjwa hajatoka mlangoni kwake, ziko mikononi mwetu. Mwenzako akisema usiku kwamba kifua kinambana, usimchemshie tangawizi ukalala. Mwamshe mwenye gari.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini wagonjwa wa Uingereza walikufa wengi zaidi kuliko wa Sweden kati ya mwaka 2004 na 2010? Uingereza ilifanya nini?

2. Mzee wa pili katika mfano wetu alipoteza muda mahali patatu. Je, kijiji chenu kinaweza kupunguza muda gani kati ya hiyo mitatu?

3. Taja dalili tatu za mshtuko wa moyo. Waelezeni walio nyumbani leo jioni.

4. Hospitali iliyo karibu nanyi yenye kipimo cha umeme wa moyo ni ipi? Kutoka hapa mpaka huko ni saa ngapi kwa gari wakati wa masika?

5. Andikeni majina na namba za simu za watu watatu wa kijiji wanaoweza kumsafirisha mgonjwa usiku.